Kompyuta Iliyosinzia Kwenye Salamu

Joanitha ana mdomo mmoja kama watu wengine, ila wake hufanya kazi shifti mbili: asubuhi unahudumia wateja, mchana unawasema. Mwenyewe hakatai. Ukimuuliza kwa nini aliishia darasa la saba, atakujibu kwamba yeye alikuwa tayari kuendelea, walimu ndio waliochoka.

Kuchapa alijifunzia ofisi ya usharika wa kanisa, alikokuwa akifagia. Katibu alikwenda likizo ya uzazi, barua zikalala mezani, Joanitha akaweka ufagio ukutani akakaa mbele ya taipureta. Alianza na vidole sita. Hadi leo, miaka zaidi ya ishirini baadaye, vile vinne vingine bado vinasubiri kuitwa kazini. Lakini hivyo sita vilimfungulia chumba cha mbele cha nyumba yake Kitendaguro, na kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: HARAKA STESHENARI. Barua, kopi, picha za pasipoti, ratiba za misiba na za harusi, vyote hapo. Jina lilimfaa mwenye nalo, maana Joanitha hajawahi kusoma maelezo ya kitu chochote mpaka mwisho, iwe dawa ya kikohozi au kadi ya mwaliko. Kuna harusi moja alifika siku moja kabla, akala na wapishi.

Kompyuta yake aliinunua mjini kwa Nimesh. Babu yake Nimesh, mzee Rasiklal, aliuza vitambaa katika duka hilohilo enzi maduka ya Wahindi yalipojaa mtaa mzima. Siku hizi amebaki Nimesh, mtu wa makamo, anauza kompyuta zilizotumika juu ya meza ambayo bado imechorwa futi ya kupimia vitenge.

"Hii nimekuwekea Linux, Mama Steshenari," alimwambia. "Haina virusi, haiombi leseni."

"Na Kiswahili inajua?"

"Inajua kukushinda."

Mashine ikafanya kazi miaka miwili bila neno. Kisha panya wakala waya uliokuwa unatoka kwenye ruta sebuleni kuja dukani. Badala ya kununua waya mwingine, Joanitha akaona waya ni ushamba, akamwambia Nimesh amfungie kadi ya waifai ndani ya kompyuta, mambo yapite hewani. Yakaanza kupita hewani. Na mengine yakaanza kupotelea huko huko hewani.

Hapo ndipo anapoingia Ma Penina, mama mkwe wake.

Ma Penina ni mtu wa Kimwani, kule Muleba, na kitinda mimba wake, Buberwa, anaishi Denmaki. Mwaka huu Buberwa alipata mtoto wa kike, wa kwanza, na ubatizo ukapangwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Jina la kanisani wazazi walikwisha kulichagua. Jina la Kihaya, alisema Buberwa, atalitoa mama kwa mdomo wake mwenyewe, palepale kanisani, kupitia kioo, mchungaji akiwa amesimama na maji. Bibi akaamua jina akalifungia moyoni. Hata dada yake hakumwambia.

Tatizo lilikuwa macho. Ma Penina ana mtoto wa jicho, na kwenye simu anachoona ni ukungu unaoongea. Kioo pekee katika ukoo ambacho angeweza kuona uso wa mtu ni kile kikubwa cha Joanitha. Kwa hiyo mwezi mmoja kabla ya ubatizo alifunga safari, akafikia kwa dada yake Kagondo, na ikakubaliwa kwamba kila Jumamosi saa saba mchana atakuja Kitendaguro, Buberwa apige, wafanye mazoezi, ili siku yenyewe bibi asishtuke akaisalimia kamera.

Jumamosi ya kwanza Joanitha alikuwa kwenye kompyuta tangu asubuhi, mtandao umeshika vizuri. Saa saba kasoro Ma Penina akaingia. Joanitha akaacha kila kitu, akapiga magoti kama mkamwana anavyopaswa. Akamsalimu. Akaulizwa habari za mume wake Ishengoma, ambaye yuko njiani na fuso la ndizi kwenda Mwanza. Habari za watoto mmoja mmoja. Akauliza na yeye: habari za kibanja, za migomba iliyoangushwa na upepo, za mbuzi, za jirani aliyevunjika mguu, za mguu wenyewe. Akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kisahani. Salamu ya Kihaya iliyokamilika ni kazi ya robo saa, na kwa mama mkwe ongeza tano.

Aliporudi kwenye kompyuta, ile alama ya waifai pembeni ya kioo ilikuwa na kialama cha kuuliza. Mtandao hakuna. Akazima, akawasha, akabofya, akaomba, akatukana kidogo kwa sauti ya chini. Ulipokuja kurudi, Buberwa alishaingia kazini.

"Ni hali ya hewa, Mama," alisema Joanitha.

Wiki nzima, kila alipoketi kufanya kazi, mtandao ukashika bila shida. Jumamosi ya pili Ma Penina akaja, magoti, migomba, mbuzi, mguu wa jirani, kahawa. Kialama cha kuuliza.

Safari hii Joanitha alitafuta mchawi, na mchawi wa karibu alikuwa Muksini, jirani wa nyuma, ambaye kwa ajili ya msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, alikuwa amesimamisha mabati kumi marefu ya kuwanasia kuuzunguka ua wake. Joanitha alisoma mahali fulani, nusu ukurasa kama kawaida yake, kwamba bati linazuia mawimbi. Akaenda kwa Muksini mikono kiunoni.

"Mabati yako yanakula mtandao wangu."

"Yanakula senene, dada. Mtandao yakiupata nitakuletea kwenye ndoo."

"Yashushe!"

Muksini akayashusha kwa siku mbili, ili apate amani. Joanitha akajaribu: mtandao ukakata vilevile alipotoka kwenda kumenya ndizi. Akarudi kwa Muksini kuomba radhi, naye akampa senene wa kukaanga kisahani kizima, jambo lililomuuma kuliko kama angemtukana.

Na hapa ndipo penye kichekesho. Muda wote huo simu ya Joanitha mwenyewe, iliyounganishwa kwenye ruta ileile, haikukata hata mara moja. Ilikuwa mfukoni mwa aproni yake ikipokea picha za vitenge kutoka kwa mashoga zake dakika zilezile kompyuta ilipokuwa imekufa. Mtu yeyote mwenye akili angesema: kumbe ruta ni nzima. Joanitha alisema: simu yangu imenizoea.

Jumamosi ya tatu, wiki mbili kabla ya ubatizo, mambo yakawa yaleyale. Ma Penina akaketi kwenye benchi la wateja, mkoba magotini, macho yake yenye ukungu yakielekea kwenye kioo cheusi. Na Joanitha, akiwa na jasho la aibu mgongoni, akapata wazo. Lilikuja haraka, kama mawazo yake yote.

"Mama," alisema, "samahani, hebu kaa nje kidogo pale barazani."

"Nje?"

"Kidogo tu."

Ma Penina akatoka. Joanitha akaikalia kompyuta bila kuinua kichwa, akaizima waifai akaiwasha, mtandao ukashika! Akaendelea kubofya hiki na kile kwa dakika kumi, haujakata. Akamwita mama ndani. Mama akaingia, akaketi, akashusha pumzi, akaanza kueleza habari za dada yake wa Kagondo, Joanitha akageuka kumsikiliza, mikono magotini. Kialama cha kuuliza.

"Umeona, Mama?" Mdomo ulikwisha kuingia shifti yake ya pili. "Ukitoka unashika. Ukiingia unakata. Sisemi una mkosi. Nasema tu kile kinachoonekana."

Ma Penina alikunja mtandio wake mara mbili, akauweka mabegani, akasema, "Haya, waitu," yaani wa kwetu, kwa upole wa kummwagia mtu barafu, akatoka. Jumatatu dada yake alipiga simu kutoka Kagondo kusema kwamba Penina amepanda gari la asubuhi, amerudi Kimwani. Ubatizo atauombea hukohuko kwenye migomba, asije akamharibia mtu mtandao.

Ishengoma alirudi Jumanne na fuso lake. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, funguo mkononi.

"Umemfukuza mama yangu kwa ajili ya kompyuta?"

"Sikumfukuza. Nilimweka barazani."

Ishengoma akamtazama mke wake kama anavyotazama tairi lililopasuka njia ya Biharamulo, akaenda kuoga.

Jumatano Joanitha akampigia Nimesh, kwa nia ya kumtukana kwa kumuuzia kadi mbovu.

"Simu yako inashika?" Nimesh akauliza kwanza.

"Inashika."

"Basi ruta nzima. Tatizo liko kwenye kompyuta. Hilo ungeniambia mwezi mzima uliopita tungekuwa tumemaliza."

"Hukuniuliza."

"Hukunipigia! Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Andika *ping*, uache nafasi, kisha namba ya ruta iliyobandikwa chini yake."

Akaandika. Mistari ikaanza kushuka kwenye lile dirisha, mmoja kila sekunde, kama mtu anayehesabu kwa pumzi.

"Ni salamu tu hiyo," alieleza Nimesh. "Kompyuta inaiuliza ruta: upo? Ruta inajibu: nipo. Iache iendelee. Itakapokata utaona ilikata saa ngapi."

Joanitha akaiacha, akaenda jikoni. Akapika ndizi kwa maharage, akala, akasema na mteja, akamwagilia mchicha. Saa mbili zikapita. Akarudi kuangalia: mistari elfu saba na ushee, upo, nipo, upo, nipo, hakuna hata mmoja uliokosa jibu.

Akapiga simu kwa hasira. "Leo haukati! Kama mtoto mgonjwa, ukimfikisha mlango wa zahanati anaomba mpira!"

Nimesh akamkatiza. "Sasa zima hiyo salamu. Kaa bila kugusa chochote. Dakika kumi."

"Bila kugusa?"

"Wala kusema nayo."

Zilikuwa dakika kumi ngumu kuliko uchungu wa kujifungua watoto watatu. Joanitha alikalia mikono yake. Hapakuwa na mteja, hapakuwa na mama mkwe; mama mkwe alikuwa Kimwani, mwendo wa nusu siku. Dakika ya saba, peke yake kabisa na kompyuta yake, aliona ile alama ikijikunja na kialama cha kuuliza kikatokea.

Alikumbuka benchi. Alikumbuka kila Jumamosi ilivyokwenda: yeye anaacha mashine, anapiga magoti, robo saa na ziada ya mama mkwe. Na siku ile ya baraza, nani alikuwa anabofya muda wote bila kupumzika, na nani aligeuka kusikiliza na mikono magotini? Si Ma Penina aliyekuwa anakata mtandao. Ni heshima ya Joanitha iliyokuwa inakata mtandao, yaani jambo jema pekee alilofanya mwezi ule.

"Inasinzia," alisema kwenye simu, sauti ndogo.

"Ndiyo. Kadi inabana umeme. Usipoipa kazi inalala, na hiyo ya kwako ikilala kuamka ni tabu. Niandikie hivi tuiulize." Akamsomea herufi kwa herufi. Kioo kikajibu *Power save: on*, na hata Kiingereza cha darasa la saba kilitosha kuelewa hilo *on*.

"Nilimwambia mama mkwe wangu ana mkosi."

Nimesh akasema, "Dada Joanitha, babu yangu aliuza vitambaa mji huu miaka arobaini, akatuachia sheria moja: mpunje mteja sentimita ukithubutu, lakini mama mkwe wake usimguse."

Akampa mistari miwili ya kuandika. Wa kwanza unazima ule usingizi hapohapo. Wa pili unaandikwa ndani ya faili, ili hata kompyuta ikizimwa na kuwashwa usingizi usirudi. Joanitha akauandika ule wa kwanza, akaona *off*, akapiga makofi. Wa pili akaunakili kwenye karatasi. "Huo nitauandika nikirudi," alisema. "Nina safari."

Kesho yake alikuwa Kimwani kabla ya chakula cha mchana. Alimkuta Ma Penina kwenye kibanja, anakata majani makavu ya migomba kwa kupapasa zaidi ya kuona. Mvua ilikuwa imenyesha. Joanitha akapiga magoti palepale kwenye tope na sketi yake ya kusafiria.

Ma Penina akaitikia salamu. Hakumwambia ainuke. Akauliza habari za Ishengoma. Za watoto, mmoja mmoja. Za kuku. Za majirani wa mbele, kisha wa nyuma. Tope likapenya sketi likafika magotini.

"Na kompyuta," akauliza mwishowe, "haijambo?"

"Haijambo, Mama."

"Mkosi haujaifuata huku?"

"Mkosi ni mimi, Mama. Kompyuta ilikuwa inasinzia. Usipoisemesha inalala. Na mimi kila ulipokuja niliiacha nikusalimu."

Ma Penina akasimamisha kisu. "Kwa hiyo na yenyewe inataka kusalimiwa."

"Kila sekunde."

"Basi ina adabu kuliko wewe." Akakata jani lingine, akalitupa. "Inuka, utaoza. Na hiyo sketi utafua mwenyewe, hapa sina mkamwana wa kukufulia."

Jumapili ya Majilio, baada ya ibada, walikuwa wote Haraka Stesheneri, kama Muksini alivyoitamka alipokuja kupitisha kichwa dirishani: Ma Penina katika gauni lake la gomesi la bluu la sikukuu, Ishengoma na tai, Joanitha ameketi mbele ya kompyuta. Kompyuta haikuwa imezimwa tangu siku ile ya Nimesh, ila saa sita na nusu umeme ukakatika. Dakika tano tu, ukarudi, kompyuta ikawashwa tena. Joanitha akafungua kila kinachofunguliwa, kila kitu kikawa tayari, akageuka kwenye benchi kumpa mama kahawa ya kutafuna. Buberwa alisema atapiga saa saba kamili, ila kanisani kwao nyimbo ni ndefu. Wakangoja. Saa saba na dakika nne. Na saba. Na kumi.

"Kimya sana," alisema Ishengoma.

Joanitha akageuka. Kialama cha kuuliza.

Macho yake, kwa mazoea mabaya, yakaenda kwa Ma Penina.

"Usinitazame mimi!" alisema Ma Penina. "Limesinzia hilo. Lisalimie!"

"Lakini nilizima usingizi, Mama, niliona kwa macho yangu…" Akakumbuka umeme. Akakumbuka karatasi. Ilikuwa kwenye mkoba wa safari, imekunjwa, ina alama ya tope la Kimwani. "Kulikuwa na mstari wa pili. Sikuuandika."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na haraka ya kuja kukuomba msamaha."

Ishengoma akaweka kiganja usoni. Joanitha akaizima waifai, akaiwasha, ikashika. Akafungua dirisha jeusi, akaandika ule mstari wa kwanza kwa vidole vyote sita. Kompyuta ikataka neno la siri. Akalikosea. Akalikosea tena. Kule Denmaki kulikuwa na mchungaji amesimama na maji, na mtoto ambaye hana jina la kwao.

"Polepole, mkamwana," alisema Ma Penina nyuma yake. "Kama unavyonisalimu mimi."

Mara ya tatu likakubali. *Off*. Na kabla hajaondoa mkono, kompyuta ikaanza kuita.

Kioo kikajaa kanisa jeupe, mishumaa, Buberwa na mke wake, na kitu kidogo chenye kofia. Ma Penina akainuka akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Hapo akaona, na kila mtu chumbani alijua ameona, kwa sababu alianza kucheka bila sauti.

"Mama," alisema Buberwa, "tunakungoja wewe tu. Jina?"

Ma Penina akajinyoosha.

"Kemilembe," alisema. Kisha, kwa faida ya wageni, na bila kumgeukia mtu yeyote waziwazi: "Wa amani. Maana huku kwetu tulipungukiwa wiki mbili hizi."

Mchungaji akajaribu kulitamka, likamtoka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, maji yakamwagwa, mtoto akalia, Ishengoma akalia, Muksini dirishani akasema amina ingawa si kanisa lake. Joanitha hakusema neno, na waliokuwepo wanaapa lilikuwa jambo la ajabu kuliko yote siku ile.

Simu ilipokatwa, kwa heri na si kwa kialama cha kuuliza, Joanitha alisimama akaweka chai. Ma Penina alikuwa amekikalia kiti cha kompyuta, anatafuna kahawa, ile karatasi ya tope ameishika mbali na macho yake kama mtu anayekagua noti.

"Njoo hapa," alisema. "Chai itangoja. Huu wa pili."

"Mama, nitauandika jioni, sasa hivi nina…"

"Andika. Na uusome mpaka mwisho, kwa sauti, nisikie."

Joanitha akapiga magoti kando ya kiti, kwa kuwa kiti kilikuwa na mwenyewe, akaandika.